Ushindi wa mezani unavyoharibu ligi za mtandaoni

Katika ligi nyingi za sataranji na drafti za mtandaoni, malalamiko huanza kusikika kwenye kundi la WhatsApp kati ya raundi ya tatu na ya tano. Fulani hajibu ujumbe. Fulani aliahidi kucheza Jumamosi na hakutokea. Mwingine saa yake imeisha kwenye bodi zote tisa na hakuna anayejua alipo. Jibu la upande wa pili huja haraka: huu ni mchezo tu, watu wana maisha yao, na pointi umeshapewa, sasa unalalamikia nini?

Jibu hilo lina sura ya busara, na kwa sababu hiyo anayelalamika huishia kuonekana mtu wa jazba. Nadhani anaeleweka vibaya. Mara nyingi hajui kulipanga dai lake vizuri, lakini hesabu iko upande wake, na hiyo pointi aliyopewa ndiyo kiini cha tatizo.

Chukua ligi ya watu kumi, kila mmoja anacheza na wenzake wote mara moja: raundi 9, mechi 45. Mchezaji mmoja mzuri anacheza mechi tano za kwanza na kukusanya pointi tatu na nusu, kisha anatoweka. Wale watano waliokutana naye walipata kwake pointi moja na nusu kwa jumla, wastani wa 0.3 kwa kila mtu. Wanne waliobaki wanapata pointi nne za mezani, yaani moja moja kwa kila mtu, bila kusogeza kete. Kati ya makundi hayo mawili kuna tofauti ya wastani wa pointi 0.7, na kilichowagawa ni tarehe tu: nani alipangwa naye raundi ya pili na nani raundi ya nane. Kwenye kundi la watu kumi ambako wawili wanapanda daraja, nafasi ya pili na ya tano hutenganishwa kirahisi na pointi moja au nusu. Kwa hiyo aliyetoweka amechagua nani apande, na hakuna aliyempa kazi hiyo.

Geuza mfano. Aliyetoweka ni dhaifu na alifungwa mechi zote tano. Hapo wote waliokutana naye wana pointi moja, na wote wanaopewa ushindi wa mezani wana pointi moja. Msimamo haujaguswa, kilichopotea ni jioni nne za watu wanne. Maana yake ni kwamba madhara ya mchezaji hewa hupanda kadiri alivyo hodari. Waandaaji wengi hufanya kinyume kabisa: mchezaji dhaifu akikosa mara mbili anaondolewa bila mjadala, mchezaji mwenye jina anabembelezwa hadi raundi ya saba kwa sababu uwepo wake unaipa ligi hadhi. Huyo wa pili ndiye anayepaswa kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Madhara hayaishii kwenye pointi. Ligi nyingi hutenganisha waliolingana kwa hesabu ya Sonneborn-Berger: unajumlisha pointi za wapinzani uliowafunga, kisha unaongeza nusu ya pointi za wale mliotoka sare. Mchezaji wetu amebaki na 3.5. Aliyemfunga kwa jasho raundi ya tatu anapata 3.5 kwenye hesabu hiyo, na aliyepewa ushindi wa mezani raundi ya nane, kama waandaaji hawakuutenga, anapata 3.5 ile ile. Zaidi ya hapo, laiti angemaliza ligi na kufika pointi sita, ushindi wa raundi ya tatu ungekuwa na thamani ya sita. Kutoweka kwake kumeishusha thamani ya kazi ambayo mtu alikwisha kuifanya.

FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, lina kanuni ya zamani kuhusu jambo hili katika mashindano ya kila mtu kukutana na kila mtu. Anayejitoa kabla ya kufikisha asilimia 50 ya mechi zake, matokeo yake hubaki kwenye kumbukumbu na kwenye viwango, yaani namba zinazopima uwezo wa kila mchezaji, lakini hayahesabiwi kwenye msimamo wa mwisho. Akiwa amefikisha nusu au zaidi, matokeo yanabaki na wapinzani waliosalia wanapewa ushindi. Kwa raundi 9, mpaka uko kati ya mechi ya nne na ya tano. Kanuni hii inafaa kuandikwa kwenye ligi yoyote kabla ya droo, kwa sababu ikiletwa katikati ya msimu kila mtu atapiga kura kwa kuangalia alichovuna.

Ina mwathirika wake pia, na lazima asemwe. Mtu akijitoa baada ya mechi nne akiwa na pointi tatu, yule mmoja aliyemfunga anafutiwa ushindi halali, na waliofungwa naye wanafutiwa aibu. Hilo linauma. Lakini baada ya kufuta, wote tisa waliobaki wanapimwa kwa mechi nane zile zile, na hakuna anayeishi kwa pointi ya bure. Kati ya kumwonea mmoja na kuupotosha msimamo mzima, nachagua la kwanza. Tena wakati wa kukaza kamba ni mapema, maana asiyetokea raundi ya kwanza na ya pili akiondolewa hapo hapo, ligi bado inaweza kumwingiza wa akiba. Ukimvumilia hadi raundi ya sita, ligi imeshavuka nusu na huna tena njia safi ya kutoka.

Sasa upande wa pili, ambao si wa wavivu kama wengi wanavyosema. Sheria nyingi za ligi tunazoziiga zimetungwa na watu wenye umeme usiokatika na intaneti ya kulipia kwa mwezi. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, ina ligi ya timu inayojulikana kwa muda wake, dakika 45 kwa kila mchezaji na sekunde 45 za nyongeza kwa kila hatua. Mechi ya hatua 40 kwa muda huo inaweza kufika saa mbili na nusu mfululizo. Mchezaji wa Dar es Salaam anayetoka kazini Posta saa 11 jioni na kuishi Mbagala au Gongo la Mboto anafika nyumbani saa 2 usiku ikiwa foleni imemhurumia. Akikaa kwenye bodi saa 3, mechi inaisha karibu na saa 6, umeme ukiwapo. Kumwita mtoro kwa kushindwa ratiba hiyo ni kumhukumu kwa mji anaoishi.

Kuna na yale yasiyo ya mtu mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi jirani. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, siku ambayo ligi nyingi za kila wiki hufunga raundi. Ligi inayosoma saa tu, bila kifungu cha hitilafu ya wote, ingegawa ushindi wa mezani kwa kila aliyebahatika kubaki na mtandao. Kifungu hicho ni sentensi moja: hitilafu ikigusa mji mzima, muda unasogezwa kwa wote kwa saa zile zile.

Ila kisingizio cha kuishiwa bando hakina uzito kinachopewa. Hatua ya sataranji inaweza kuandikwa kwa herufi na tarakimu nne tu, kama e2e4, na mechi nzima inakula data kidogo kuliko video fupi moja ya WhatsApp. Kinachosumbua ni kukatika-katika, yaani simu kuhama mnara au kupoteza mawimbi kwa sekunde ishirini huku saa inatembea. Dawa yake iko kwenye muda wa mchezo. Dakika 15 na sekunde 10 za nyongeza hufanya mechi ya hatua 40 iishe ndani ya dakika 45 hivi, na zile sekunde 10 zinarudisha pumzi baada ya kila mkatiko mdogo. Dakika 10 bila nyongeza, ambayo hupendwa kwa sababu ni fupi, ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtandao wetu: mkatiko mmoja mwishoni mwa mechi na umefungwa ukiwa mbele kwa kete mbili.

Ligi za kucheza kwa siku kadhaa kwa hatua, ambapo bodi zote huchezwa kwa wakati mmoja, zilibuniwa kuokoa watu wenye shughuli nyingi, na zina aina yake ya uhewa. Kwa siku tatu kwa hatua, anayesubiri hadi saa za mwisho kila mara atatumia siku 120 kwa hatua 40, peke yake. Hajavunja sheria yoyote, na ameiteka ligi nzima. Wakati huohuo, mwenye msiba Songea, akikaa siku nne bila mtandao, anaweza kupoteza bodi zote tisa kwa mkupuo. Siku tatu ngumu zinamlea mchelewaji na kumwadhibu msafiri. ICCF, shirikisho la sataranji ya masafa lililoanzishwa mwaka 1951, limezoea kutumia siku 50 kwa kila hatua 10, kwa hiyo anayecheza haraka anajiwekea akiba ya kutumia siku ya dharura. Chess.com ina utaratibu wa likizo. Lichess haina, ila inaruhusu hadi siku 14 kwa hatua. Anayeendesha ligi Lichess afadhali achague siku tano, apunguze kundi liwe la watu sita, yaani bodi tano kwa mtu badala ya tisa, na atangaze tarehe ya mwisho ya msimu ambapo mechi za viporo huamuliwa.

Michezo ya watu zaidi ya wawili ina hali ngumu kuliko hii. Katika Board Game Arena, tovuti ya michezo ya ubao, anayeishiwa muda anaweza kuondolewa na wenzake, kisha mfumo unapitisha zamu zake. Sasa fikiria meza ya Catan, mchezo wa kujenga vijiji na kubadilishana bidhaa, ya watu wanne ambayo mmoja amekufa kimchezo: habadilishani bidhaa, lakini vijiji vyake bado vimeziba njia. Aliyejenga mpango wake juu ya kubadilishana naye ngano ameumia kuliko jirani yake, na hakuna fomula ya kuwafidia kwa haki. Kwa ligi za namna hii kurudia mechi ni bora kuliko kugawa pointi, na meza ya akiba ipangwe tangu mwanzo.

Jambo linalosahaulika ni viwango. Anayeacha bodi tisa ziishe muda anashuka kiwango, na msimu ujao anapangwa kundi la chini akiwa na uwezo ule ule. Aliyeharibu ligi mara ya kwanza kwa kutoweka anaiharibu mara ya pili kwa kurudi. Kinga ni kupanga makundi kwa kiwango cha juu alichofikia mtu ndani ya miezi 12, badala ya alichonacho leo.

Wengi hupendekeza dhamana ya fedha, tuseme shilingi 5,000 inayorudishwa ukimaliza mechi. Inasaidia, lakini makato ya kutuma na kutoa huimega kila inapohama, na mweka hazina hubaki na kazi ya kurudisha vijisenti kwa watu kumi. Ni rahisi zaidi kuihamishia msimu unaofuata. Dhamana inamfungia nje pia kijana ambaye 5,000 ni bando la wiki na nauli, na huyo mara nyingi ndiye anayecheza mechi zake zote.

Kwenye vijiwe vya drafti vya Kariakoo na Magomeni tatizo hili halipo, kwa sababu aliyefungwa anainuka na anayesubiri anakaa. Kiti hakikai wazi. Mtandaoni kuna mifumo inayokaribia hapo. Katika arena ya Lichess unapangiwa aliyepo wakati huo, asiyekuwepo hamdhuru mtu. Katika mfumo wa Uswisi, ambamo kila raundi wenye pointi zinazokaribiana hukutanishwa, anayekosa raundi moja anaumiza mpinzani mmoja, na Lichess humzuia kwa muda asijiunge na mashindano mengine ya Uswisi. Kama jamii yako ni ya watu ambao ratiba zao hazitabiriki, usiwapangie ligi ya raundi 9 kisha ushangae viporo.

Lakini ukishachagua ligi ya kila mtu na kila mtu, umechagua na wajibu wake, na hapo simuungi mkono anayesema ni mchezo tu. Foleni, zamu ya usiku, msiba na umeme vinaeleza kwa nini mtu hakucheza. Havielezi kwa nini hakutuma ujumbe wa maneno matatu. Wawili wawe wameshawasiliana ifikapo Jumatano saa 2 usiku, saa ya mechi iwe imeandikwa kundini ifikapo Ijumaa, mechi ichezwe kabla ya Jumapili saa 4 usiku. Aliyetoa taarifa apewe kiporo kimoja kwa msimu bila kuulizwa sababu. Aliyenyamaza raundi mbili aondolewe usiku huo huo, awe nani, na msimu ujao aanzie kwenye orodha ya akiba, ambako ataingia tu kwa kuziba nafasi ya mwingine aliyenyamaza.