Mashine za gemu zilizobaki Japani: kipi kinafaa kuagizwa?

Kampuni ya Bandai ilipoitoa WonderSwan, mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, Machi 1999, iliiuza Japani kwa yen 4,800. Ikaachwa mwaka 2003 bila kuuzwa rasmi Marekani wala Ulaya. Anayeitaka leo huinunua mtumba kutoka Japani, mara nyingi kupitia wakala anayeshiriki minada ya mtandaoni kwa niaba yake. Je, inafaa kuhangaika hivyo? Kwangu mimi, jibu linategemea unachokifuata: mashine yenyewe, au gemu iliyo ndani yake.

Mashine ndiyo yenye hoja nzito. WonderSwan ni kazi ya Gunpei Yokoi, yule aliyeongoza utengenezaji wa Game Boy, mashine ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, alipokuwa akifanya kazi huko. Alifariki kwa ajali ya barabarani Oktoba 1997, kabla haijaingia sokoni. Ukiishika utaona alivyofikiri: kushoto kuna seti mbili za vitufe vinne vinne, ili uweze kuigeuza na kuishika wima. Gemu ya GunPey, iliyopewa jina lake kwa heshima, huchezwa wima namna hiyo. Vipande vyenye mistari hupanda kutoka chini, nawe huvipandisha na kuvishusha hadi mstari uunganike toka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha ukafutika. Betri moja tu ya AA huiendesha saa 30 hivi. Simu inaweza kuigiza picha na sauti zake, lakini kidole kinateleza juu ya kioo bila kupata cha kubonyeza. Hapo sioni hasara kuagiza.

Gemu za hadithi ni habari nyingine. Mother 3, gemu ya Nintendo ya Game Boy Advance, ilitoka Japani mwaka 2006, na kama husomi Kijapani, katriji halisi (kile kipande chenye gemu kinachochomekwa kwenye mashine) itakuacha nje ya hadithi ambayo ndiyo uhai wake. Mashabiki waliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2008. Final Fantasy iliyotengenezwa upya kwa ajili ya WonderSwan Color, toleo la WonderSwan lenye skrini ya rangi, nayo ilitolewa baadaye kwa PlayStation, kwa Kiingereza. Ya nini kulipia maandishi usiyoyasoma?

Wapo wanaosema kununua kitu halisi ni kumheshimu aliyekitunga. Nawaelewa, lakini fedha ya mtumba huishia kwa muuzaji. Bandai na Nintendo hawaambulii kitu. Wanaosema "pakua tu" nakala ya gemu mtandaoni nao wanapita kando ya ukweli kwamba hakimiliki haifi kwa sababu mashine imeacha kutengenezwa. Tena hizo nakala na tafsiri zimewezekana kwa sababu kuna watu waliozipata katriji halisi na kuitoa data yake. Kwa hiyo waagizaji wana mchango wao, hata kwa wasioagiza kamwe.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda zaidi. Rhythm Tengoku, ya mwaka 2006, ni gemu ya Game Boy Advance inayotaka ubonyeze kwa mdundo, na maandishi yake si kikwazo kikubwa. Katriji za Game Boy Advance hazifungwi kwa nchi, tofauti na gemu za 3DS, mashine ya Nintendo iliyokuja baadaye. Agiza katriji peke yake, uichomeke kwenye Game Boy Advance au DS Lite, mashine nyingine ya Nintendo inayoipokea, iliyonunuliwa popote.

Uzito mdogo una faida yake forodhani. Kwa kawaida VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, hupigwa juu ya bei, usafirishaji, bima na ushuru vikijumlishwa, kwa hiyo nauli kubwa nayo inakuzidishia kodi. Ukiagiza mashine yenye chaja, kumbuka umeme wa Japani ni volti 100. Chaja ya Kijapani ya Game Boy Advance SP imetengenezwa kwa volti hizo. Usiichomeke kwenye soketi ya volti 230 au 240.

Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, nina wasiwasi zaidi na skrini. Utando wa polaraiza, ule unaochuja mwanga ili picha ionekane, juu ya skrini za zamani huharibika kwa joto na unyevu, ukaacha mabaka meusi. Dai picha ya skrini ikiwa imewashwa kabla hujalipa. Kifaa kilichoandikwa "junk", yaani kibovu au kisichojaribiwa, huuzwa bila dhamana wala kurudishwa, hata kama picha ya nje inang'aa.