Matema si pa kwenda kula chipsi kuku

Watu wa Mbeya tukitaka kupumzika tunawaza Dar, Bagamoyo na, mfuko ukiruhusu, Zanzibar. Kwamba mkoa wetu wenyewe una ufukwe wenye mchanga, mawimbi na mitumbwi, pale Matema wilayani Kyela, tunakumbuka tukipata mgeni anayeuliza tumpeleke wapi. Hilo mimi navumilia. Linaloniudhi ni tunachokifanya tukishafika. Tunashuka kwenye gari, tunapiga picha milima ikiwa nyuma, tunatafuta kivuli cha mwembe, halafu tunamwita mhudumu na kuagiza chipsi kuku.

Tena chipsi zenyewe huenda ni za viazi vya Isyonje, vile tulivyovipita asubuhi vikiwa kwenye magunia kando ya barabara, na kuku ni wa kisasa, kashuka na gari kutoka mjini akiwa barafu tupu. Mtu katoka Mbeya kwenda kula Mbeya, zaidi ya mita 1,000 chini yake.

Halafu anarudi anasema Matema pazuri ila hakuna kitu cha maana cha kula. Jamani! Wilaya yenye mchele ambao nusu ya wachuuzi wa Kariakoo wanauazima jina, yenye ndizi na mawese, iliyokaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Hili ni ziwa lenye kina cha mita 700 hivi, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kulishinda. Mahali kama hapo pakikosa chakula, basi kosa si la mahali.

Safari yenyewe inatosha kukutia njaa. Ukipanda costa kituo cha Nanenane, Mbeya mjini, mpaka Isyonje bado umejifunika koti. Kiwira na Tukuyu ni kijani cha migomba na chai, na mvua inaweza kukupokea hata mwezi ambao kwingine ni kiangazi. Baada ya Ushirika joto linaanza kupanda, na ukifika Ipinda koti limekuwa mzigo. Kando ya njia utaona kakao imeanikwa kwenye mikeka. (Niseme na hili lipite: sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela, lakini nimewahi kuomba kakao ya moto asubuhi katika nyumba moja ya wageni, nikaletewa pakiti iliyosafiri kutoka nje ya nchi. Mbegu zenyewe zilikuwa zinakauka ng'ambo ya barabara.)

Turudi kwenye samaki. Anayetaka kula vizuri Matema asisubiri saa saba mchana. Aamke alfajiri aende ufukweni wavuvi wanapotua. Usiku utakuwa umeziona taa zao mbali majini: hao wanatafuta usipa, samaki wadogo wembamba wanaofuata mwanga. Asubuhi wanashushwa kwa ndoo na beseni, bado wanameta, na akina mama wamekwisha kusimama mchangani na hela mkononi. Pembeni bodaboda wamefunga matenga, wanasubiri kuwahisha mzigo Ipinda. Ukifika saa tatu unakuta mchanga na kamba za nyavu tu, maana samaki wazuri wamekwisha kwenda kuliwa na watu ambao hawajawahi kuliona ziwa.

Mfalme wa pale ni mbasa. Ni samaki mrefu, mweupe wa kung'aa, magamba madogo madogo, na ni wa ziwa hili tu, huwezi kumpata Victoria wala Tanganyika. Ukimpata, usimkabidhi jikoni kimyakimya, utaletewa amekaangwa mpaka amekuwa ubao. Mtafute mama ntilie mwenye chungu, mkubaliane bei ya kupika, umwambie unataka mchuzi. Chungu kinakaa kwenye mafiga matatu, moto wa kuni, nyanya na kitunguu vinalainika kwanza bila haraka, mawese kidogo kama huna ugomvi nayo, kisha vipande vya samaki vinapangwa juu na maji yanatiwa kidogo tu. Hakorogi. Anashika chungu kwa vitambaa viwili na kukitikisa, samaki asije akavunjika. Limao na pilipili vinaingia mwishoni. Wali unapikwa pembeni, na kabla haujaiva harufu yake imeshafika kwenye meza ya wale wanaosubiri chipsi. Onyo moja: mbasa ana miiba mingi, kwa hiyo unamla taratibu, kwa vidole, simu ikiwa mbali.

Nimewahi kumuuliza mwenye hoteli mmoja kwa nini chakula hiki hakimo kwenye menyu yake. Akanijibu kwamba samaki hana uhakika, leo yupo kesho hayupo, na mgeni anataka aagize sasa hivi ale baada ya nusu saa. Ana hoja. Upepo wa kusi ukichachamaa katikati ya mwaka, ziwa linavimba na mitumbwi inalala nchi kavu. Ila jibu lake si kujaza friji kuku. Ubao na chaki vinatosha: kila asubuhi andika kilichotoka ziwani leo, kikiisha futa. Leo usipa, kesho magege, keshokutwa kambale, na siku ziwa likigoma, ndizi mbalaga na maharage. Na sisi wageni tujifunze kuagiza asubuhi chakula cha mchana. Mfanyabiashara anauza kinachoulizwa, na sisi kila wikiendi tunauliza kitu kilekile. Kwa hiyo lawama kubwa naitua kwetu wateja.

Na chungu kile hakikutoka mbali. Milima ya Livingstone inapoingia ziwani, upande wa mashariki wa Matema, ndiko kwa Wakisi. Wanaume ni wavuvi, wanawake ni wafinyanzi, na vyungu vyao vinauzwa mpaka Dar. Jumamosi panga uwe Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema, ambako vyungu hushushwa kwenye mitumbwi na kupangwa ufukweni kwa marundo. Mwenye nafasi avuke kwa mtumbwi mpaka Ikombe akaone vinavyofinyangwa. Mama anakaa chini, miguu kainyoosha, udongo uko kwenye kigae kilicho kama sahani. Hana mashine ya kuzungusha, anakizungusha kigae chenyewe kwa mkono huku mkono mwingine ukipandisha ukuta wa chungu. Anakwangua, analainisha kwa kijiwe, anapaka rangi za udongo, mwekundu na mweupe. Mimi kwa mandhari sina shida, ile milima inashuka moja kwa moja majini na jua linazama upande wa bonde la mpunga, ni pazuri kweli. Lakini nikiambiwa nichague kati ya machweo na nusu saa ya kumtazama mama wa Ikombe akifunga mdomo wa chungu, nakwenda Ikombe. Nunua na kimoja, na usibane bei mpaka mwisho, maana hicho kitu kimebebwa kwa mikono hatua zote.

Kuogelea waulize wenyeji kwanza. Mdomoni mwa mto Lufilyo kuna mamba, na kwenye majani na maji yaliyotulia kichocho nacho hakichagui mtalii. Mvua za Kyela si za mchezo, hivyo kwa upande wa mvua Juni mpaka Oktoba ndiyo miezi ya amani.

Kuna jambo moja ambalo wapenda samaki wenzangu hawatalipenda. Wakati wa mvua mbasa huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga. Ndipo watu wanapotega nyavu midomoni mwa mito na kuwazoa wenye mayai, na wavuvi wazee watakuambia wazi kwamba mbasa wa siku hizi si wengi kama wa zamani. Msimu huo mimi siagizi mbasa, hata nikiletewa mezani kwa bei ya kutupwa. Nakula usipa wabichi waliokaangwa wakakauka, na ugali.

Usipa hao ndio wa kurudi nao nyumbani pia. Chagua walioanikwa kwenye chanja. Walioanikwa chini utawatafuna na mchanga. Mvunje mmoja mbele ya muuzaji: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji na kabla hujamaliza kumgawia jirani ataanza kunuka. Wafunge kwenye mfuko wa karatasi na uwaweke kwenye buti la gari, maana kondakta wa costa ya Mbeya akisikia harufu atakulipisha kiti cha pili.