302 imekufa, pepa iko vilevile

Mpwa wangu anasoma sheria Pune, India, mwaka wa nne sasa. Majuzi kanitumia picha ya matokeo yake ya muhula, na chini ya picha akaweka sauti ya dakika tatu, zote malalamiko. Ushahidi kapata 52 kwa 100. Jirani yake wa bweni, kijana wa Nagpur ambaye kwa maneno ya mpwa wangu hawezi kukueleza ushahidi wa kuambiwa ni kitu gani hata umpikie biriani, kapata 71. "Mjomba, yule kamwaga namba za vifungu tu, akazipigia mstari kwa rula. Mimi nimeeleza."

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba nilipokuwa mimi nasoma sheria kule, kueleza niliacha mwaka wa pili. Nikanunua rula.

Niseme mapema nisieleweke vibaya: mtaala wenyewe umefikiriwa. Msimamizi wake ni Baraza la Mawakili la India, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Mawakili ya 1961, na kanuni zake za elimu ya sheria za 2008 zinawabana wote, vyuo vya jina kubwa na vile vilivyo ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu. Unaingia kwa njia mbili. Ukiwa na shahada nyingine, unasoma miaka mitatu. Ukitoka sekondari, unasoma mitano mfululizo, sheria ikichanganywa na sanaa au biashara. Hiyo ya miaka mitano ilipata heshima baada ya chuo cha kitaifa cha sheria kuanzishwa Bengaluru miaka ya themanini chini ya N. R. Madhava Menon, mtu aliyetaka mwanafunzi aisome hukumu yenyewe na kubishana nayo darasani, siyo kuandika imla.

Masomo ya lazima ni 20. Mikataba ni mara mbili, katiba mara mbili, sheria ya familia nayo mara mbili, maana kule Mhindu, Mwislamu, Mkristo na Mparsi kila mmoja ana yake ya ndoa na mirathi. Kuna jinai, mali, ushahidi, mwenendo wa madai, kampuni, kodi, kazi, mazingira. Juu ya hayo kuna manne ya vitendo: uandishi wa hati, maadili ya uwakili, usuluhishi, na la nne nitalirudia kwa sababu ndilo linaloniuma. Wiki 20 za mazoezi ofisini au mahakamani kwa wale wa miaka mitano, na mahudhurio ya darasani asilimia 70. Mimi sioni cha kudharau hapo. Nimeona mitaala mingi ya kwetu ambayo haina hata nusu ya umakini huo.

Shida inaanza unapokaa kwenye chumba cha mtihani. Baraza linasema nini kifundishwe. Kusahihisha ni kazi ya vyuo vikuu, na vyuo vikuu vina mizigo ya madaftari.

Acha nikuingize chumbani. Ni Aprili, feni inazungusha joto lilelile, una saa tatu na maswali matano ya kujibu, mengi yakianza na "Eleza" au "Jadili kwa kutumia kesi". Kabla ya kuandika neno, unachora pambizo kwa penseli. Kichwa cha kila hoja unakiandika kwa kalamu nyeusi, maelezo kwa ya bluu, jina la kesi unalifunga kwenye kiboksi. Kijitabu kikijaa unanyoosha mkono, unaletewa karatasi za nyongeza, na kengele ikikaribia unazifunga kwa uzi mweupe wanaougawa kama sadaka. Imani ya bweni ni kwamba msahihishaji hasomi, anapima unene. Sijawahi kumwona msahihishaji akiwa kazini kwa hiyo siapi. Ila nilijaribu.

Muhula wa kwanza nililetewa swali la mkataba wa mtoto. Kesi yake kila mwanafunzi wa India anaijua: Mohori Bibee, ya mwaka 1903, ilifika hadi Privy Council kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Mwingereza. Kijana ambaye hajatimiza umri aliweka rehani nyumba zake, akapewa hela na mkopeshaji ambaye wakala wake alikuwa na habari kwamba huyu bado mtoto. Mahakama ikasema mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo. Mimi kilichonisisimua ni kinachofuata: sasa hela aliyoila kijana inarudi au hairudi? Ilikataliwa isirudi. Nikaandika kurasa mbili na nusu nikilizungusha swali hilo, nikiwaza mkopeshaji mwenye huruma yake na kijana mjanja. Nikapata 7 kati ya 16. Mwaka wa pili nilifuata mapishi ya bwenini: utangulizi wa mistari minne, kifungu neno kwa neno, vipengele vitano vyenye vichwa, kesi mbili ndani ya viboksi, hitimisho. Sikuwaza chochote. Nikapata 12.

Ndivyo kesi kubwa zinavyokuwa vikaratasi. Kesi ya Kesavananda Bharati ilisikilizwa na majaji 13 kwa siku 68, ikaamuliwa mwaka 1973 kwa kura saba dhidi ya sita, na hukumu yake ina kurasa zaidi ya 700. Ndiyo iliyosema Bunge linaweza kuirekebisha katiba lakini haliwezi kuivunja mihimili yake. Kwenye madesa yetu ilikuwa aya moja. Nilimaliza shahada bila kusoma hoja hata moja ya wale sita walioshindwa, na hakuna aliyenidai.

Halafu ikafika Julai 1, 2024. Siku hiyo India ilizika Kanuni ya Adhabu ya 1860, sheria ya mwenendo wa jinai na Sheria ya Ushahidi ya 1872, zote kwa mpigo, na kuleta tatu mpya zenye majina ya Kihindi. Mpwa wangu alikuwa ametoka kumeza jinai muhula uliopita. Alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Mjomba, 302 imekufa."

Aliyekua na sinema za Kihindi ananielewa. 302 ndiyo mauaji, jaji wa sinema akiitaja tu mama wa mshitakiwa anazimia. 420 ni utapeli, na mtaani kule tapeli anaitwa hivyo hivyo, "char sau bees", mia nne na ishirini, hata na mtu asiyejua mlango wa mahakama. Sasa mauaji yamehamia 103, utapeli umekwenda 318, na sheria iliyokuwa na vifungu 511 imebaki na 358. Yapo mapya ndani yake, lakini sehemu kubwa ya maneno ni yaleyale yakiwa yamehamishiwa nyumba nyingine. Aliyeelewa tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia hakupoteza kitu siku ile. Aliyekariri namba aliamka maskini.

Nilitegemea mitihani nayo ingeshtuka. Wapi. Maduka ya fotokopi yalitoa jedwali la namba za zamani na mpya, bweni zima likaanza kukariri upya, na msahihishaji akaendelea kutafuta namba. Mpwa wangu kaingia kwenye Ushahidi na sheria mpya mkononi, kaeleza kwa nini sheria inamwogopa shahidi anayesema alichoambiwa, kapewa 52.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Ukimaliza chuo, ili uwe wakili India unafanya mtihani wa Baraza lilelile, ule wa nchi nzima, na miaka ya karibuni Baraza linakuruhusu kuingia na vitabu vya sheria zenyewe, mradi havina maelezo. Yaani siku ya kuthibitisha kama unafaa kumtetea mtu, kifungu unaruhusiwa kukifungua ukakisoma, kama wakili yeyote anavyofanya mezani kwake. Ila mtoto wa miaka 19 akiwa mwaka wa pili, huyo lazima awe nacho kichwani pamoja na mkato wake.

Na kwetu sisi tuliorudi Dar, kukariri kulituadhibu kwa namna ya pekee. Waingereza walipoishika Tanganyika walituletea sheria zao za India zikiwa zimeshaiva. Ya mikataba tulikaa nayo mpaka 1961, ya ushahidi mpaka 1967, na tulipotunga zetu tulinakili kwa mkono ulionyooka. Kifungu cha 10 cha sheria yetu ya mikataba ni kifungu cha 10 cha India, karibu neno kwa neno. Kwa hiyo unarudi ukiwa na raha, unaona umefika nyumbani kwa shangazi. Mpaka siku wakili mwandamizi anakuuliza habari ya maelezo ya onyo, yale mshukiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, nawe unajibu kwa kujiamini kwamba mtu kukiri mbele ya polisi hakupokelewi mahakamani. Kule kwa kawaida hakupokelewi, kweli. Kwetu kunapokelewa, ikithibitika alikiri kwa hiari yake. Nilimjibu hivyo mbele ya watu wanne. Ningekuwa nimefundishwa kuuliza kwa nini India ilikataa na kwa nini Tanzania ilikubali, nisingesahau maisha. Nilifundishwa namba.

Na tusijidai kwamba ni ugonjwa wa Wahindi. Mwaka 2022 Law School of Tanzania, wanakopita wahitimu wa sheria ili wawe mawakili, ilipotoa matokeo, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633. Nchi nzima ikawa na maoni, kila mmoja akimlaumu wa chini yake.

Dada yangu, mama yake huyu kijana, ameniuliza 52 ndiyo nini, amefeli? Hajafeli. Chuoni kwake kupita ni 40, na ukifika 60 unahesabiwa daraja la kwanza. Kwenye sheria wanaofika huko kwa vyuo vya zamani hawajai basi. Vyuo vingine vinatumia ngazi ya pointi 10, kuanzia O mpaka F, na kila kimoja kina fomula yake ya kuzigeuza ziwe asilimia. Mwajiri wa Posta, Dar, haijui hata moja. Nimeacha kueleza.

Sasa lile somo la nne la vitendo. Lina alama 100: mabishano ya mahakama ya kuigiza 30, mahojiano na mteja pamoja na maandalizi ya kesi 30, maswali ya ana kwa ana 10, na 30 zilizobaki unazipata kwa kwenda mahakamani, kukaa, na kuandika kwenye jounali ulichokiona siku baada ya siku katika kesi mbili, moja ya madai na moja ya jinai. Aliyeandika kanuni hiyo alikuwa mtu mwenye akili sana. Ndiyo sehemu pekee ya shahada ambayo huwezi kuimeza.

Lakini unaweza kuinunua. Duka la fotokopi lililokuwa mkabala na geti letu lilikuwa na jounali kamili, kesi zote mbili, unabadilisha tarehe tu. Ya jinai niliinunua, nakiri. Ya madai nilikwenda mwenyewe, siku tano. Mzee wa kofia nyeupe alikuwa akimdai mpangaji atoke, na lugha ilikuwa Kimarathi mwanzo mwisho. Nilishika maneno matatu: "vakil", "tarikh" na "kayda". Wakili, tarehe, na hiyo ya tatu kwao ni sheria, kwetu kaida. Siku ya nne mzee akapanda kizimbani. Akaulizwa swali, akajibu kwa dakika nzima, mikono inakwenda, mara akaonyesha dari, mara akafuta jicho. Hakimu akasubiri amalize, akamgeukia mchapaji na kumwambia mstari mmoja kwa Kiingereza: si kweli kwamba nilipokea kodi ya Machi. Mzee akatazama skrini ambayo hakuweza kuisoma.

Nikaandika hayo kwenye jounali, na nikauliza yale mengine ya dakika nzima yamekwenda wapi, na kwenye rufaa nani atayajua. Mwalimu akaweka tiki chini ya ukurasa. Nikapata 19 kati ya 30. Ile ya kununua, yenye jalada la plastiki na mchoro wa mishale, ikawa ndiyo iliyosifiwa.

Jana mpwa wangu kauliza tena. Jounali zinatakiwa Machi, dukani ni rupia 400, anunue?

Nimemwambia Jumatatu aende mahakamani, akae benchi la nyuma karibu na mlango ili awaone mashahidi wakiingia.

"Mjomba, wanaongea Kimarathi tupu."

Nikamwambia atasikia wakili, atasikia tarehe. Aanzie hapo, na amtazame mchapaji.