Sola ya Pambo

Leo nimeaibishwa na kalkuleta. Mtu mzima, miwani puani, daftari la madeni mkononi (ninayodaiwa, si ninayodai, kwa hiyo msinisogelee), nimefika kwenye jumla kuu, namba zikafifia, zikazimika.

Sikubabaika. Kalkuleta yangu ni ya sola, imeandikwa usoni kwamba inatumia jua na betri. Nikatoka nje saa sita mchana, nikaiinua kwa mikono miwili kama naitoa sadaka. Kimya. Nikaipangusa kwa shati, nikaiinua tena. Wapita njia wakanisalimia kwa ule upole wa kumsalimia mgonjwa.

Nikampelekea kijana fundi. Akabonyeza, akanitazama.

“Mzee, umeianika juani?”

“Nusu saa nzima.”

“Pole.”

Ile pole ndiyo iliyonitisha. Akafungua skrubu nne, ndogo kama chawa, akageuza kifuniko. “Haya, mzee, nionyeshe waya wa sola.” Hakuna waya! Kile kidirisha cheusi nilichokifuta vumbi miaka yote ili jua lipenye vizuri ni plastiki tupu iliyochorwa mistari. Kazi yote ilikuwa ya kibetri kimoja cha duara, volti 1.5, kimekufa humo kwa uchovu huku sifa zikienda kwa jua.

“Lakini imeandikwa sola,” nikasema, kwa heshima zangu zilizobaki.

“Kuandikwa, imeandikwa.”

Eti ya kweli hata ukiitoa betri, ukiisogeza kwenye mwanga inawaka. Yangu ukiitoa betri inafaa kukandamizia karatasi zisipeperuke.

Akanitilia betri mpya, nikarudi nyumbani, hasira zikaishia kwa pawa benki. Hiyo sola yake ni ya kweli, sikatai. Inajidai kubeba chaji ya mAh 20,000, yaani kama wati-saa 74, na kidirisha chake kikijikaza sana kinatoa wati 1. Nikapiga hesabu: saa 74 za jua kali, bila wingu, bila usiku! Simu iko asilimia 3, jamani! Halafu nyuma wameandika isiachwe juani, joto linaharibu betri ya lithiamu. Sasa niichaji wapi, mvunguni?

Tochi ya sola sitaki hata kuizungumzia. Mchana inawaka vizuri sana.

Na yule kijana alifungua skrubu nne, akarudisha tatu. Nimehesabu mara mbili, ya pili kwa kalkuleta.