Kombe la Davis: wiki moja ya Madrid si Mkwakwani

Mwambie mtu wa Tanga kwamba Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu yake ya soka, watamaliza msimu mzima ndani ya wiki moja, tena katika mji wa watu, atakuuliza kama una homa. Uwanja wao wa Mkwakwani abaki nani, mbuzi?

Watu wa tenisi walilikubali hilo kwa kura, kwa Kombe la Davis, mashindano ya timu za taifa za wanaume. Agosti 2018, mjini Orlando, mabadiliko yalihitaji theluthi mbili ya kura, yakapata asilimia 71. Kabla ya hapo pambano la nchi mbili lilikuwa na mechi tano: Ijumaa mechi mbili za mmoja mmoja, Jumamosi moja ya wawili wawili, Jumapili mechi mbili tena za mmoja mmoja, kila moja ikiweza kufika seti tano. Mwenyeji ndiye aliyechagua uwanja. Hispania ikikaribisha, ilitandika udongo mwekundu unaopunguza kasi ya mpira, na wenye servu kali, yaani mpigo wa kuanzisha mpira, wakaipata.

Waliotaka mabadiliko hawakuwa wajinga. Nyota walikuwa wakikwepa, maana baada ya siku tatu za seti tano, Jumatatu wanapanda ndege kwenda mashindano mengine, pengine kwenye uwanja wa aina nyingine kabisa.

Basi 2019 timu 18 zikakusanywa Madrid: mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili, seti tatu tu. Ratiba ikabana. Mapambano yalipangwa moja nyuma ya jingine kwenye uwanja uleule, la kwanza likichelewa la pili linasubiri. Marekani na Italia walimaliza saa kumi na dakika nne alfajiri. Nani wa kushangilia saa hizo?

Ajabu, wanawake walikwenda kinyume: kombe lao lilianza 1963 London, timu 16 mahali pamoja kwa wiki moja, na 1995 ndipo wakahamia nyumbani na ugenini.

Sasa wanaume wamerudi nusu. Mwaka 2025 raundi mbili za kufuzu zilichezwa nyumbani na ugenini, kisha timu nane zikakutana Bologna. Waitalia ninaoishi kati yao hawalalamiki, wamelichukua 2023, 2024 na 2025! Mimi bado naona fainali ingechezwa kwa mmoja wa wawili waliofika.

Ila makundi ya chini ya Afrika, ambako Tanzania hucheza, naomba yasiguswe. Huko mtindo ni wa wiki moja, mji mmoja, kama UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na kwa mifuko yetu ndiyo sawa: safari moja inakupa mapambano kadhaa. Tatizo lake ni miguu. Nchi ikiwa na wachezaji wawili tu wa kutegemewa, walewale wanacheza mmoja mmoja, kisha saa chache baadaye wawili wawili, na kesho yake vivyo hivyo. Kufikia mechi za kupanda daraja, servu imekwisha nguvu. Tiketi ya mwisho ya ndege apewe mchezaji wa tatu anayejua wawili wawili, kiongozi atangoja matokeo kwenye simu.