Besi Ikikuumiza Bega, Usijikaze

Katika bendi nyingi za hapa Uganda, ziwe za shule, za kanisa au zile za kukodishwa harusini, mtoto akisema besi, yaani tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, inamvunja bega hujibiwa neno moja tu: jikaze. Mwalimu wake naye aliambiwa hivyohivyo, na aliyemfundisha mwalimu pengine alilitoa jibu hilo kambini, maana upigaji wetu wa matarumbeta umechota mengi kwa polisi na jeshi. Mimi silikubali. Uzito wa chombo hauna uhusiano na nidhamu. Una uhusiano na sauti.

Mtazame mpiga besi aliyechoka. Mkono wa kushoto umekakamaa, bega limepanda karibu na sikio, kidevu kimeinuliwa kukifuata kikombe cha kupulizia, na mishipa ya shingo imemtoka. Hewa ipite wapi? Besi hula pumzi kuliko chombo chochote katika bendi, na mbavu zilizobanwa na mzigo hazipanuki. Halafu mikono ikilegea, chombo huegemea mdomoni. Midomo inabanwa kwenye meno, inashindwa kutetemeka, na noti za juu zinaanza kukatika. Mwalimu anadhani mtoto hajui kupuliza. Kupuliza anajua, ila kilo 10 ameziegemeza kwenye midomo.

Na kilo 10 si chumvi. Korneti, tarumbeta dogo, ina kilo moja na ushee; yufoniamu, mdogo wake besi, yenye vali 4 (vitufe vya kubadilishia noti) ina kilo 4 hadi 5; na besi kubwa hufika 10 au kupita. Mtoto wa miaka 10 mwenyewe ana kama kilo 30. Ukimtwisha besi umemtwisha theluthi ya mwili wake, kisha unamtaka atembee kwa hatua na asikosee noti. Huyo mimi ningempa korneti au baritoni, iliyo nyepesi kuliko yufoniamu, kwanza, mwili ukue.

Chanzo kingine ni vyombo vyenyewe. Vingi huja kama msaada baada ya kutumika Uingereza. Hata Brass for Africa, shirika linalowafundisha watoto muziki wa matarumbeta, lilianza na vyombo vya namna hiyo mwaka 2009. Ni vyombo vizuri, sina ugomvi navyo. Lakini bendi za shaba za Uingereza hupiga zaidi zikiwa zimekaa ukumbini, na besi yao imeundwa ilale pajani, mdomo mpana ukitazama dari. Waliotaka besi ya kutembea nayo waliuzungusha mrija mwilini ukapita begani, ikawa helikoni, na baadaye susafoni iliyopewa jina la John Philip Sousa, kiongozi wa bendi wa Marekani. Sisi tunachukua besi ya kukalia, tunaandamana nayo juani hadi Namugongo tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, halafu tunashangaa mabega yakilalamika.

Tuanze na kukaa, kwa sababu huko ndiko makosa yanakojificha. Kaa wima, nyayo zote mbili chini, fumba macho, kisha mwenzako akuletee chombo kwenye paja bila wewe kusogeza kichwa. Fumbua macho uone kikombe kimeangukia wapi. Kikigota puani au kwenye paji la uso, besi iko juu mno kwako: ishushe katikati ya mapaja, ikae kwenye ukingo wa kiti. Ikibidi, mwambie seremala akuchongee kigoda kifupi chenye shimo la kuzuia chombo kisiteleze, ukiweke mbele ya kiti, besi ikae juu yake. Kikigota kidevuni, wewe ni mrefu: kunja kitenge au weka kipande cha sponji cha magodoro juu ya paja mpaka kikombe kifike chenyewe mdomoni. Chombo kije kwa mtu. Mtu akianza kukifuata chombo, mgongo umekwisha.

Na viti! Vile vya plastiki vyenye mikono, ambavyo kila sherehe Kampala hujaa, ni adui wa mpiga besi. Kiwiko kinagonga mkono wa kiti, chombo kinasukumwa pembeni, naye anapinda kiuno ili akifikie. Ukialikwa kupiga, omba kiti kisicho na mikono. Benchi la kanisani ni bora mara mia.

Kutembea ndiko kunakodai mkanda, na hapa ndipo bendi zetu zinapobana senti mahali pasipostahili. Mkanda mmoja mwembamba unaopita bega moja unakata nyama kama kamba ya ndoo. Unaofaa ni mpana, unapita mabega yote mawili, unapishana mgongoni, na unashika chombo kwa kulabu mbili. Huhitaji kuagiza nje. Mikanda ya usalama ya magari inapatikana kwa wauza vipuri pale soko la Kisekka, Kampala, ni mipana na haikatiki ovyo. Fundi viatu mwenye cherehani nzito anaishona, anatia sponji begani na bizimu ya kurefusha na kufupisha. Usiruhusu kipande chochote kikaze kifua, kwani utakuwa umelikomboa bega na kuifunga pumzi. Mara ya kwanza jaribu ukiwa juu ya godoro. Kulabu ikifyatuka, afadhali besi iangukie hapo kuliko lami.

Vyombo vingi vya msaada hufika pete za kushikia mkanda zimeng'oka. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakurudishia, lakini sisitiza wachomelee kwa risasi ya kuungia (solda) na moto mdogo. Shaba ya besi ni nyembamba, haifiki hata milimita moja sehemu nyingi, na moto wa kuungia mageti utaitoboa.

Nimesikia hoja ya viongozi wa bendi kwamba mikanda inaharibu sare, hasa siku za gwaride ambapo kila mtu anaangalia mistari. Mkanda mweusi juu ya koti jeusi hauonekani hata kwa aliyekaa mstari wa mbele. Kinachoonekana ni mpiga besi aliyepinda upande mmoja, anayebadilisha bega kila baada ya hatua chache na kupoteza noti kila anapobadilisha. Bendi inayopata pesa za glavu nyeupe na manyoya ya kofia haiwezi kuniambia imekosa za mikanda. Kamati ianze na besi, ifuate yufoniamu, na kikibaki kitu ndipo izungumzie kofia.