Mafundi Wetu Wanaweza, Lakini Hawaandiki

Niliponunua Land Rover Series III kutoka kwa mzee mmoja wa hapa Coventry, Uingereza, alinikabidhi funguo pamoja na daftari la jalada gumu, na tangu siku hiyo daftari hilo limenifurahisha kuliko gari lenyewe. Ndani yake kumeandikwa kila kitu ambacho gari hilo limefanyiwa tangu miaka ya themanini: tarehe, maili zilizotembewa, oili iliyowekwa, na namba ya kila spea kama ilivyo kwenye kitabu cha vipuri cha kiwanda. Kwenye ukurasa mmoja wenye alama ya kidole chenye grisi, kwa kalamu ya risasi, imeandikwa kwamba krenki, ile shafti kuu ya injini, ilisagwa hadi saizi ya ishirini, yaani inchi 0.020 chini ya kipimo cha kiwandani. Kutokana na mstari huo mmoja niliagiza beringi za krenki za saizi hiyo kabla hata sijaifungua injini. Nilipofungua nilipima kwa maikromita, kwa sababu maandishi hayaondoi wajibu wa kupima, na kipimo kikakubaliana na maandishi.

Land Rover ya mjomba wangu, ile ndefu iitwayo 109, iliyoko Mbagala, Dar es Salaam, ni ndugu wa gari hili. Zote mbili ni za kiwanda cha Solihull, zote ni za toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na zote zina injini ya petroli ya lita 2.25. Mjomba aliinunua kwenye mnada wa shirika la umma, na ukikwangua rangi ya mlango bado utaziona herufi za SU. Tofauti yao ni kwamba moja ina daftari na nyingine ina mafundi.

Mwaka jana injini ya mjomba ilianza kugonga. Fundi akasema ni beringi za krenki, na alikuwa sahihi. Akaenda kwenye maduka ya spea ya Shauri Moyo akarudi na seti mpya, akashusha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ndipo ikaonekana kwamba beringi alizonunua ni za krenki inayokaa kwenye vituo vitano, ilhali iliyomo ndani inakaa kwenye vitatu. Kiwanda kilifanya badiliko hilo mwaka 1980, na gari hilo lilishabadilishiwa injini zamani, kwa hiyo kadi ya gari haikuweza kumsaidia. Seti haikurudishwa, wote tunajua karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kaunta ya spea inasema nini. Ilipopatikana seti ya vituo vitatu, likaja swali la pili: krenki imeshasagwa mara ngapi, na imebaki saizi gani? Aliyeisaga mara ya mwisho ameshafariki. Ikabidi injini yote iteremshwe ili ipimwe, gari likakaa juu ya magogo mpaka masika yakapita.

Najua kuna watakaosema kwamba nimekaa Ulaya nikaanza kuwadharau mafundi wa nyumbani. Nawaomba wasome hadi mwisho. Hapa Coventry nimepeleka sanduku la gia kwenye karakana yenye sakafu inayong'aa, nikaambiwa kwamba kwa kuwa bushi (pete ya chuma inayoshika shafti) ninayoihitaji haipatikani kwa msambazaji, sina njia isipokuwa kununua sanduku zima. Hakuna aliyenitajia mashine ya kukereza. Mtaa wa Gerezani, Dar, nimemwona fundi akichukua kipande cha shaba chakavu, akakikereza, akakijaribu kwenye shafti, akakirudisha kwenye mashine kupunguza unywele mmoja, na jioni gari likaondoka kwa miguu yake. Nimemwona akikata gasketi ya kifuniko cha maji: aliweka karatasi ngumu juu ya chuma chenyewe, akapigapiga pembeni kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, taratibu, akifuata ukingo, mpaka karatasi ikajikata yenyewe na kila tundu la bolti likakaa mahali pake. Hakutumia rula wala mkasi. Nilipokuwa likizo Dar nilimtazama pia akirekebisha nafasi za valvu kwa vidole na sikio. Kitabu cha kiwanda kinataka inchi 0.010, injini iwe baridi au ya moto. Nikapitisha kipimo changu baada yake na valvu zote nane zilikuwa sawa. Fundi wa namna hiyo hapa Uingereza sijampata, na ninasema hivyo kwa fahari.

Ndiyo maana inaniuma. Bushi ile ya shaba haikuandikwa popote. Kipenyo chake anakijua aliyeikereza peke yake, na siku sanduku lile litakapofunguliwa na mtu mwingine, huyo ataagiza bushi ya kiwandani kwa namba sahihi na haitaingia. Atasema fundi aliyepita aliharibu, wakati aliyepita aliokoa gari. Hivyo ndivyo tunavyowageuza mafundi wetu bora kuwa washtakiwa baada ya kuondoka kwao. Hata chesisi ni hivyo hivyo. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa sababu gari lilipozaliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao baada ya vita, lakini chesisi ni ya chuma na ndani ina uwazi, kwa hiyo kutu huila kutoka ndani wakati nje rangi bado inapendeza. Ya mjomba imechomelewa bati juu ya bati kwa sababu ya upepo wa chumvi wa pwani, na hakuna anayeweza kusema ni bati lipi lililoshikilia chuma kizima na ni lipi lililoshikilia kutu.

Wapo watakaosema kwamba Wazungu wanaandika kwa sababu wana fedha na muda, au kwa sababu serikali yao inawabana. Fedha haihusiki hapa. Daftari la mistari halifikii bei ya lita moja ya oili. Kuhusu serikali, tangu 2018 gari lililozidi miaka 40, ambalo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, halilazimiki tena kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka, na yule mzee aliendelea kuandika vilevile. Wala tusidanganyane kwamba sisi si watu wa kuandika. Hakuna duka la mtaani lisilo na daftari la madeni, na hakuna kikoba kisichojua nani ametoa na nani bado. Anayekopa kilo ya unga anaandikwa jina na tarehe, ila injini inayogharimu mshahara wa miezi mingi inafungwa bila hata mstari mmoja.

Jambo linalonitia hasira zaidi ni hili. Jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, si mbali na hapa ninapoishi, linatunza rejista za kiwanda. Ukilipa ada na kutoa namba ya chesisi, hukupa cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipoundwa, rangi yake ya kwanza, na mahali lilikopelekwa. Waingereza wanaweza kujua mengi zaidi kuhusu siku chache ambazo gari la mjomba lilikaa mikononi mwao kuliko tunavyojua sisi kuhusu miaka yote ambayo limekaa mikononi mwetu. Na sisi ndio tuliolipitisha kwenye matope ya Rufiji, ndio tuliolifufua spea zilipokuwa hazionekani nchini, ndio tulioyapanga magari haya barabarani Arusha kwenye tamasha la Oktoba 2024 mpaka dunia ikatutazama. Sehemu ndefu zaidi ya historia ya magari haya ni yetu, nayo haijaandikwa.

Msomaji mmoja atauliza kwa nini nisirudi nikafungua gereji nionyeshe mfano. Sidhani kwamba gereji ndiyo inayokosekana. Daftari linapaswa kuwa la mwenye gari, likae kwenye kisanduku cha mbele pamoja na kadi na bima, na mwenye gari ndiye asimame pale injini inapofungwa aulize: saizi gani, umeitoa wapi, umeibadilisha vipi. Tatizo ni kwamba tumezoea kuuliza maswali mawili tu, bei gani na itakuwa tayari lini, kisha tunaondoka, na fundi anayeharakishwa namna hiyo hana sababu ya kuandika chochote.

Nilimpelekea mjomba daftari kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Akanipigia simu akaniambia kwamba fundi akiona unaandika anadhani unakusanya ushahidi wa kumpeleka polisi, na kwamba kuna mafundi wanaoficha saizi makusudi ili mteja asiweze kwenda kwa mwingine. Hoja zote mbili ni za kweli na siwezi kuzipuuza. Nilimjibu kwamba mteja huondoka hata akifichwa, na kwamba fundi ambaye jina lake limeandikwa pembeni ya kazi nzuri anapata wateja ambao hajawahi kuwaona. Tulikwenda hivyo mpaka salio likaisha. Mjomba amekubali kuandika saizi, tarehe na mahali spea iliponunuliwa. Jina la fundi amekataa kuliandika, na hapo bado tunabishana.